Kiingereza cha Sekondari kwa Njia ya Mbali: Mwongozo kwa Mtu Mzima wa Kabondo-Dianda

Kozi ya Kiingereza ya ngazi ya sekondari inayosomwa kwa mbali, yaani ile ambayo mwalimu na mwanafunzi hawakai chumba kimoja na masomo husafiri kwa karatasi, kwa redio au kwa simu, humwachia mtu mzima wa Kabondo-Dianda kazi moja ambayo shule ya kawaida humfanyia mtoto bila mtoto mwenyewe kuiona: kumpata mtu atakayeyasoma maandishi yake, ayatie alama na kuyarudisha. Vitabu vinaweza kununuliwa Lubumbashi au kupakuliwa kwenye simu, sarufi inaweza kukaririwa usiku kwa taa ya sola, na sauti ya Kiingereza inaweza kusikika redioni. Lakini insha isiyosomwa na mtu mwingine hubaki na makosa yake, na mwandishi wake huyazoea makosa hayo hata akayaona kuwa ndiyo lugha yenyewe. Ushauri mwingi wa mwongozo huu unahusu namna ya kulipata jibu la mwalimu pale ambapo mwalimu hayupo.

Kabondo-Dianda, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni kituo kwenye njia ya reli inayotoka Lubumbashi, ikapita Bukama, ikaendelea Kamina hadi Ilebo. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na kipande cha kutoka hapo hadi Ilebo, mji ulioitwa Port-Francqui wakati huo, kilikamilika mwaka 1928. Pamoja na migodi ya kusini, reli hiyo ilisaidia kukieneza Kiswahili miongoni mwa watu ambao lugha ya nyumbani kwao ni Kiluba, huku Kifaransa kikishika shule na ofisi. Kwa hiyo mtu mzima wa eneo hili anapoanza Kiingereza huwa anaanza lugha ya nne, wala si ya pili kama vitabu vingi vinavyodhani, na jambo hilo, ambalo mara nyingi hutajwa kama mzigo, ndilo litakalomsaidia zaidi iwapo atajua kulitumia. Sababu za kujifunza zipo wazi: mpaka wa Kasumbalesa unaelekea Zambia, ambako Kiingereza ndiyo lugha ya shule na serikali, Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na sehemu kubwa ya kazi za ofisi za jumuiya hiyo huandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa chuo kikuu, hata anayesoma kwa Kifaransa, hufika mahali ambapo makala anayoihitaji ipo kwa Kiingereza tu.

Yaliyomo ndani ya kozi

Nchini Kanada na Marekani somo hili huitwa "sanaa za lugha", istilahi inayokusanya stadi zote ambazo kwazo binadamu hupokea na kutoa maana. Mtaala wa jimbo la Alberta, kwa mfano, huzihesabu sita: kusikiliza, kusema, kusoma, kuandika, kutazama, na kuwasilisha wazo kwa picha au maonyesho. Afrika Mashariki haitumii jina hilo, lakini somo la Kiingereza la sekondari lina sehemu zinazokaribiana nalo: ufahamu, ambao ni kusoma kifungu na kujibu maswali juu yake, ufupisho, ambao ni kukieleza kifungu kirefu kwa maneno machache ya msomaji mwenyewe, matumizi ya lugha, ambayo ndiyo sarufi, insha na barua, na fasihi, yaani riwaya, tamthilia na mashairi yaliyoteuliwa.

Watu wazima wengi huingia wakiamini kwamba kozi ni sarufi, kwa sababu sarufi ndiyo waliyoikumbuka kutoka shuleni, na hivyo hujaza daftari kwa majedwali ya vitenzi huku wakiacha kuandika hata aya moja. Mpango huo hauna budi kugeuzwa. Sarufi ni chombo cha kusahihishia kilichoandikwa, na isipokuwa na maandishi ya kusahihisha haina pa kushika.

Mtihani kwanza, kitabu baadaye

Kabla ya kununua kitabu chochote, msomaji anapaswa kuamua mtihani gani anauelekea, kwa kuwa neno "Kiingereza cha sekondari" lina maana tofauti kila linapovuka mpaka. Nchini Kongo, Kiingereza ni lugha ya kigeni inayofundishwa ndani ya shule ya Kifaransa. Katika Mtihani wa Taifa, unaojulikana kwa jina la Examen d'État, Kiingereza huja siku ya lugha pamoja na Kifaransa, kwa maswali ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyopendekezwa, na insha ndefu inayotakiwa, ile dissertation ya kabla ya kikao cha kawaida, huandikwa kwa Kifaransa. Mtu mzima aliyeacha shule njiani anaweza kuomba kufanya mtihani huo kama autodidacte, yaani mtahiniwa aliyejisomea, na hupitia kwanza majaribio ya awali kabla ya kukubaliwa katika mtihani wenyewe. Masharti ya mwaka husika, pamoja na tarehe na ada, huulizwa katika ofisi ya sous-division ya elimu au kwa inspekta, na yaulizwe huko badala ya kusikilizwa sokoni.

Hali ni nyingine kabisa Tanzania, Zambia na Kenya, ambako Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia sekondari. Mtahiniwa wa Tanzania anayefikia mtihani wa kidato cha nne hutakiwa kufupisha kifungu, kuandika insha na barua, na kujadili vitabu vya fasihi alivyovisoma. Mwenzake wa Kenya hukutana na karatasi tatu, mojawapo ikiwa ni ya uandishi wa kubuni na insha juu ya vitabu vilivyoteuliwa. Mitihani hiyo humtaka mtu atunge, ilhali ule wa Kongo humtaka atambue. Tofauti kati ya kutambua sentensi sahihi miongoni mwa tano na kuizaa sentensi sahihi kutoka kichwani ni kubwa kuliko wengi wanavyofikiri, na mtu aliyejiandaa kwa kutambua tu hukwama mbele ya karatasi tupu. Ndiyo maana mwongozo huu unashauri kwamba, pale ambapo muda unaruhusu, hata anayeulenga mtihani wa Kongo asome kwa njia ya kutunga: anayeweza kuandika aya safi ataweza pia kuchagua jibu, lakini kinyume chake hakina uhakika.

Kwa anayefikiria njia ya Tanzania, taasisi ya kuulizia ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopata hadhi ya kujitegemea kwa sheria ya mwaka 1975. Elimu yake ya sekondari kwa njia ya masafa hugawanywa katika hatua mbili: ya kwanza hukusanya yaliyomo katika kidato cha kwanza na cha pili, na ya pili yale ya kidato cha tatu na cha nne. Kati ya hatua hizo upo Mtihani wa Maarifa, unaofahamika kwa herufi QT, ambao humfungulia asiyepita shule ya kawaida mlango wa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, yaani asiyeandikishwa na shule. Mkazi wa Kongo anayeichagua njia hii aulize mapema mambo mawili kwa maandishi: masharti ya kusajiliwa kwa asiye raia, na utaratibu wa nyumbani wa équivalence, ambao ni kutambuliwa rasmi kwa cheti cha nje, kwa kuwa cheti kilichopatikana kwa jasho la miaka minne halafu kikakataliwa kwenye dirisha la ofisi ni hasara ambayo barua moja ingeizuia.

Mafiga matatu

Elimu ya sekondari kwa posta si jambo jipya katika ukanda huu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kitengo cha masomo ya posta mwaka 1967, na walimu wa shule za msingi waliotaka kupanda ngazi walikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wakubwa. Tanzania, iliyoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, iliunda nayo chombo cha masomo ya posta katika miaka hiyohiyo. Na Zambia ilikiweka chuo chake cha posta Luanshya, katika Copperbelt, upande wa pili wa mpaka wa Katanga. Mipango hiyo haikutegemea karatasi peke yake. Nchini Kenya kijitabu kilichotumwa kwa posta kilifuatana na kipindi cha redio, na wanafunzi walikutana na wakufunzi ana kwa ana katika vipindi vifupi vya makazi. Maandishi, sauti na mkutano yalikaa pamoja kama mafiga chini ya chungu, na mafiga yakiwa mawili chungu humwagika.

Mwanafunzi wa Kabondo-Dianda anaweza kujijengea mafiga hayo kwa vifaa alivyonavyo. Figa la maandishi ni kitabu kimoja cha kiada, si vitatu, pamoja na kamusi. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka mwaka 1996, inamfaa mtu anayefikiri kwa Kiswahili, na kando yake kamusi ya Kifaransa humfaa kwa maneno ya kitaalamu. Figa la sauti ni rekodi. Sauti ya Amerika ilianzisha mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza chepesi yaliyosomwa polepole kwa msamiati wa maneno yapatayo 1,500, na BBC imekuwa ikitoa masomo ya Kiingereza tangu mwaka 1943. Rekodi za aina hiyo hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha zikasikilizwa mara nyingi bila kutumia mega. Figa la mkutano ndilo gumu, na ndilo linalohitaji maelezo marefu.

Msahihishaji

Msahihishaji si lazima awe mzungumzaji mahiri mwenye lafudhi ya London. Anayetakiwa ni mtu anayeijua sarufi vizuri, anayeandika mwenyewe, na anayetimiza ahadi. Mwalimu wa Kiingereza wa shule ya sekondari ya jirani, au mhitimu wa taasisi ya juu ya ualimu, ile inayoitwa ISP, aliyepitia idara ya Kiingereza, anatosha kabisa. Akikosekana Kabondo-Dianda, anaweza kutafutwa Kamina au Lubumbashi na kazi ikafanyika kwa simu. Ni afadhali kumlipa kiasi kidogo kwa kila insha iliyorudishwa kuliko kutegemea hisani, kwa sababu hisani huchoka, na mtu mzima huona haya kumdai mwalimu aliyemsaidia bure. Malipo hufanyika kwa pesa za simu, na kila upande hubaki na heshima yake.

Makubaliano naye yawe wazi tangu mwanzo: insha moja kila wiki, isiyozidi ukurasa mmoja, irudishwe ndani ya siku kumi. Insha ikiandikwa kwa herufi ndani ya ujumbe wa simu hula mega chache kuliko picha, lakini kwa anayejiandaa kwa mtihani wa karatasi ni muhimu angalau nusu ya insha ziandikwe kwa kalamu na kupigwa picha, kwa kuwa simu hurekebisha tahajia kimyakimya na kumnyima mwandishi nafasi ya kuliona kosa lake. Mtandao ukikatika, daftari linaweza kusafiri na mtu anayeaminika. Wanafunzi wa posta wa zamani waliishi kwa mwendo huo, na wengi wao walifaulu.

Msahihishaji aombwe pia asisahihishe kila kitu. Ukurasa unaorudi umejaa wino mwekundu humvunja moyo mtu mzima ambaye kutwa nzima ni fundi, mama wa familia au mkuu wa kituo anayeheshimiwa, na zaidi ya hayo haumfundishi, maana makosa 40 hayashikiki kwa wakati mmoja. Njia iliyo bora ni kutia alama pembeni ya mstari bila kuandika jibu: herufi w kwa wakati wa kitenzi, u kwa umoja na wingi, t kwa tahajia, n kwa neno lisilofaa, na alama ya kuuliza pale maana isipoeleweka. Mwanafunzi hutafuta kosa mwenyewe, huliondoa, na kuiandika insha upya yote. Kuandika upya ndiko somo lenyewe. Anayepokea insha yake, akasoma alama na kuifungia sandukuni, amelipia kitu ambacho hakukichukua.

Daftari la makosa

Kando ya daftari la insha liwepo jingine dogo lenye safu tatu: sentensi kama ilivyoandikwa, sentensi kama inavyopaswa kuwa, na chanzo cha kosa. Safu ya tatu ndiyo yenye faida kubwa kwa mtu mwenye lugha tatu kichwani, kwa sababu makosa yake mengi hayatokani na ujinga. Yanatokana na lugha nyingine kujibu kabla ya Kiingereza kufika, na anayejua ni lugha ipi iliyojibu anaweza kuizuia mara nyingine.

Kifaransa ni msaidizi mkubwa na mdanganyifu mkubwa. Maelfu ya maneno ya Kiingereza yanafanana na ya Kifaransa, na mtu aliyemaliza hata miaka michache ya sekondari nchini Kongo huweza kukisia maana ya gazeti la Kiingereza kwa haraka kuliko jirani yake wa Tanzania. Hata hivyo yapo maneno yanayofanana sura na kutofautiana tabia: "library" ni maktaba, wala si duka la vitabu kama librairie, "actually" maana yake ni kwa kweli, wala si hivi sasa kama actuellement, "to assist" ni kusaidia, wala si kuhudhuria, "to demand" ni kudai kwa nguvu, hivyo barua ya kuomba kazi iliyojengwa juu ya demander huweza kusomeka kama barua ya ukorofi. Maneno ya namna hii yakusanywe katika ukurasa wake peke yake na kurudiwa kila mwezi.

Upo mtego mwingine wa Kifaransa ambao hauonekani kwa urahisi. Kivumishi cha kumiliki cha Kifaransa hufuata jinsia ya kinachomilikiwa, kwa hiyo mama wa Ilunga ni sa mère hata kama Ilunga ni mwanamume. Cha Kiingereza humfuata mmiliki, kwa hiyo Ilunga yuko na "his mother" na Ngoie, akiwa mwanamke, yuko na "her mother". Kiswahili hakimsaidii mwanafunzi hapa, kwa kuwa "mama yake" halisemi lolote juu ya jinsia ya mmiliki, na yeye wa Kiswahili ni mwanamume na mwanamke pia. Lugha mbili zinamwacha njiani kwa namna mbili tofauti, na dawa yake ni zoezi la kuchosha lakini la hakika: kila aya iliyoandikwa isomwe mara moja zaidi kwa ajili ya viwakilishi tu, kidole kikimgusa kila mtu aliyetajwa.

Katika wakati uliopita, Kiswahili na Kifaransa hushirikiana kulizaa kosa moja. Msemaji anayesema "nimemwona jana", na anayejua kwamba je l'ai vu hier ni Kifaransa sahihi, huandika bila wasiwasi "I have seen him yesterday", sentensi ambayo Kiingereza hukikataa kiungo chake kimoja: palipotajwa siku au saa iliyokwisha, kitenzi huwa "I saw". Njia ya kulikumbuka hili ni kuurudia utofauti ambao Kiswahili sanifu kinao tayari kati ya "-li-" na "-me-", ambapo "nilimwona jana" huufunga wakati na "nimemwona" huuacha wazi mpaka sasa. Kuhusu vibainishi vya nomino, Kifaransa humfundisha mwanafunzi kwamba vipo, jambo ambalo Kiswahili hakimfundishi, lakini kisha humfanya avitie hata pasipohitajika, akaandika "the life is hard" kwa kuifuata la vie, ambapo Kiingereza husema "life is hard" tu.

Kiluba kinajitokeza zaidi katika matamshi. Kwa wasemaji wengi wa lugha hiyo sauti za r na l hukaribiana, na Kiingereza huzitenganisha kwa ukali, kwa mfano kati ya "rice", mchele, na "lice", chawa. Kiswahili kwa upande wake huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, wakati mkazo wa Kiingereza huhama na huweza kubadilisha aina ya neno: "record" ikikazwa mwanzoni ni nomino, ikikazwa mwishoni ni kitenzi. Tatizo hili halitibiwi kwa kusoma maelezo yake. Mwanafunzi hurekodi aya moja kwa sauti yake kwenye simu, humtumia msahihishaji, kisha husikiliza rekodi ya msomaji mzoefu na kurudia. Ujumbe mfupi wa sauti haugharimu sana, na sikio la mtu mzima, ingawa ni zito kuliko la mtoto, huzoea likilishwa kila siku.

Kusoma vitabu

Sehemu ya fasihi huwatisha wengi, na ndiyo inayoweza kuwa tamu kuliko zote kwa msomaji wa Kongo, kwa kuwa baadhi ya vitabu vinavyosomwa kwa Kiingereza katika shule za Afrika Mashariki viliandikwa kwanza kwa Kifaransa. Riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kameruni, Le Vieux Nègre et la médaille ya mwaka 1956, husomwa na wanafunzi wa Tanzania kwa jina la The Old Man and the Medal, na riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali, Une si longue lettre ya mwaka 1979, ipo kwa Kiingereza na pia kwa Kiswahili. Msomaji anaisoma sura kwa Kifaransa, kisha anaisoma tena kwa Kiingereza bila kushika kamusi, akijua tayari kinachotokea. Maneno mapya huingia yenyewe, kama mgeni anayeingia nyumba ambayo wenyeji wake anawafahamu.

Wenye nguvu zaidi ya Kiswahili wanaweza kupita upande huo. Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ya mwaka 1958, ilifasiriwa kwa jina la Shujaa Okonkwo, na Julius Nyerere aliifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar mwaka 1963, akaipitia upya baadaye kwa jina la Juliasi Kaizari. Shakespeare hata hivyo si mahali pa kuanzia, kwa sababu Kiingereza chake kina zaidi ya miaka 400 na mwanafunzi atajifunza maneno asiyoweza kuyatumia mpakani Kasumbalesa wala katika insha. Kitabu cha kwanza kiwe kifupi na cha maisha yanayofahamika, kama Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, kilichoandikwa kwa wanafunzi wa madarasa ya chini ya sekondari.

Baada ya kila sura kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuwasimulia watu wa nyumbani sura hiyo kwa Kiswahili au Kiluba jioni, kwa kuwa asiyeweza kuisimulia hakuielewa, na maswali ya watoto huwa makali kuliko ya kitabu cha kiada. Ya pili ni kuandika ufupisho wa maneno 80 kwa Kiingereza bila kufungua kitabu. Ufupisho ni zoezi lisilopendwa, lakini hakuna jingine linalofundisha kwa wakati mmoja kusoma, kuchagua na kutunga, na mwenye saa moja tu kwa siku hana pengine pa kuiweka saa hiyo kwa faida zaidi.

Insha ya Kiingereza na mazoea ya dissertation

Aliyepita shule ya Kongo amefundishwa dissertation, ambayo hulifungua suala kwa upana, huleta hoja, huleta hoja pinzani, kisha hufikia msimamo mwishoni. Insha ya Kiingereza ya sekondari hupendelea msimamo utangulie: aya ya kwanza hutamka mwandishi anashikilia nini, na kila aya inayofuata huanza kwa sentensi kuu, yaani sentensi inayolibeba wazo la aya nzima, ikifuatwa na maelezo na mfano. Mtahini aliyezoea mtindo huo akipewa insha inayozunguka kurasa mbili kabla ya kusema jambo lake hudhani mwandishi hana la kusema. Hakuna mtindo ulio bora kuliko mwingine, na mwenye yote miwili ana utajiri. Lakini katika chumba cha mtihani ni lazima atumie ule unaotazamiwa.

Mifano itoke karibu. Mtu anayeandika juu ya bei ya samaki wanaotoka Bukama, juu ya barabara wakati wa mvua au juu ya kazi ya reli huandika sentensi hai hata kwa msamiati mdogo, ilhali anayeandika juu ya theluji kwa sababu kitabu kilitaja theluji hukopa sentensi zote na hazimkai.

Kalenda na mwezi wa mwisho

Mpango wa masomo ufuate mvua. Kuanzia Oktoba hadi Aprili mashamba huchukua asubuhi na nguvu, hivyo miezi hiyo iwe ya kusikiliza, kusoma riwaya na kuandika insha fupi; kiangazi, kuanzia Mei, kiwe cha mazoezi mazito. Saa moja kwa siku tano za wiki hushinda saa sita za Jumapili, na saa hiyo ijulikane na watu wa nyumbani kama inavyojulikana saa ya kanisa.

Mpango kama huu huchukua muda, na wapo watakaomjia msomaji na ahadi ya cheti ndani ya miezi mitatu bila mtihani. Maswali matatu yanatosha kuwapima: nani anatunga mtihani, nani anausahihisha, na je, inaweza kuonyeshwa insha moja ya mwanafunzi wa awali ikiwa na alama za msahihishaji. Asiyeweza kuionyesha hana kozi.

Katika mwezi wa mwisho kabla ya mtihani hakuna kitabu kipya kinachofunguliwa. Daftari la makosa husomwa lote, na insha kumi za zamani huandikwa upya kwa saa, kalamu ikiwekwa chini muda unapokwisha hata kama sentensi haijakamilika. Anayelenga maswali ya kuchagua hufanya mitihani ya miaka iliyopita, na kwa kila jibu alilolikataa huandika kwa maneno machache sababu ya kulikataa. Ikiwa kituo cha mtihani kimepangwa Kamina au mbali zaidi, safari ianze siku kadhaa kabla, na fomu ya usajili, kitambulisho na kalamu mbili zikae katika mfuko mmoja usioguswa na mtu mwingine. Nauli ya kurudi itengwe pia tangu nyumbani.